Kitufe cha Sijui

Mimi ni fundi wa miavuli. Kibanda changu kiko kwenye njia ya petite barrière, kile kivuko kidogo cha mpaka wa Kongo, hapa Gisenyi, ambapo watu hupita asubuhi kwenda Goma na kurudi jioni, na nusu yao wameshika mwavuli uliovunjika mbavu. Jina langu ni Twagirimana, lakini wote huniita Fundi. Nashukuru. Jina fupi humalizika haraka na mtu anaacha kunitazama.

Nina haya. Sisemi hivyo kwa kujisifu, ingawa wapo wanaodhani haya ni adabu. Haya yangu ni ugonjwa wa shingo: mtu akinisemesha, shingo inainama yenyewe. Mteja akiuliza, "Itakuwa tayari lini?" mimi naujibu mwavuli. Nauambia, "Kesho mchana," naye mteja anaenda zake. Mugabo, anayebadilisha pesa kwenye kibanda cha jirani, husema kwamba siku mwavuli utakaponijibu ndiyo siku nitakayopata mke.

Mke ndiyo ilikuwa shida yangu. Na niseme wazi tangu hapa: si mke yeyote, bali Verediane.

Verediane ni mjane. Ana binti mmoja, Ishimwe, aliyeolewa Kigali, ndiyo maana tunamwita Mama Ishimwe. Alfajiri ananunua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, huko Rubona, anavuka nao kwenda Goma, na alasiri anarudi na beseni tupu na habari za miji miwili. Sauti yake hufika kabla yake. Mwavuli wake ni wa kijani, na huharibika mara nyingi kupita miavuli yote niliyowahi kutengeneza. Sijawahi kuchunguza sababu.

Kiangazi kilipoanza nilimsikia akimwambia Mugabo kwamba binti yake anataka ahamie Kigali.

"Mvua ikianza, mi naenda," alisema. "Hapa nabakia juu ya nani?"

Mimi nilikuwa palepale, kichwa changu kikiwa ndani ya mwavuli uliofunguliwa. Jibu la swali lake, abaki kwa ajili ya nani, nilikuwa nalo. Nililimeza na mate.

Basi nikawa na kiangazi kimoja cha kusema neno moja. Na kiangazi fundi wa miavuli hana kazi, kwa hiyo hata kisingizio sikuwa nacho. Verediane, akishauza, alikuwa akipita kwenye chumba cha kusomea cha mtaa kupumzika kivulini na kusoma magazeti. Nikaanza kupita na mimi. Nilikaa kwenye kona nikishika gazeti mbele ya uso, mpaka siku moja Gatesi, mwalimu mstaafu anayetunza chumba hicho, akaniambia kwa upole, "Fundi, hilo umelishika kichwa chini."

Gatesi ndiye aliyetupa kazi. Chumba kilikuwa na kompyuta mbili, na yeye alikuwa amekubali kusaidia watu wa mbali wanaotunza vitabu vya zamani kwenye mtandao.

"Vitabu hivi," alisema, "walioviandika wamekufa zamani na haki zao zimekwisha muda. Sasa ni mali ya wote. Hata wewe, Fundi, ni vyako."

Nilitazama viatu vyangu. Sikuwahi kuambiwa kwamba nina vitabu.

Akatueleza shida yenyewe. Maktaba kubwa za nje zimepiga picha vitabu vya zamani, ukurasa kwa ukurasa, na kuviweka kwenye mtandao. Lakini kila maktaba imeandika kadi ya kitabu kwa namna yake. Kitabu kilekile kina kadi Ujerumani, kina nyingine Ubelgiji, kina nyingine Marekani, na hakuna kadi inayojua kwamba ina ndugu. Msomaji akikipata mahali pamoja, na kurasa zimechanika, hajui kwamba nakala nzima ipo kwingine. Kazi yetu ilikuwa kutazama kadi mbili kwenye kioo na kusema kama ni za kitabu kimoja. Tukikubali, zinaunganishwa.

Chini ya kioo kulikuwa na vitufe vitatu: Kitabu kimoja. Vitabu viwili. Sijui. Nilipokiona hicho cha tatu nilijisikia kama mtu aliyekutana na mwenzake wa kijijini katika mji wa ugeni. Kulikuwa pia na nafasi ndogo ya kumwandikia mwenzako maelezo, kwa sababu kila kadi mbili lazima zikaguliwe na watu wawili.

"Mama Ishimwe alisoma sekondari Goma, anajua Kifaransa," alisema Gatesi. "Na wewe, Fundi, Kiswahili chako ni cha Tanzania. Mtakaa pamoja."

Tukakaa benchi moja. Beseni la sambaza aliliweka katikati yetu, na lilikaa hapo kama shangazi wa bibi harusi.

Ni kweli nilizaliwa Ngara, wazazi wangu walikokuwa wakimbizi, na nilimaliza darasa la saba hukohuko. Kiswahili nilikipata vizuri isipokuwa herufi mbili. Nyumbani tulisema Kinyarwanda, na mdomoni mwetu r na l ni ndugu wawili wenye shati moja, wanavaa kwa zamu. Mwalimu alinitaka niandike "kula," nikaandika "kura." Akasema, "Wewe uchaguzi ukifika utakwenda na kijiko." Darasa zima lilicheka, na nadhani shingo ilianza kuinama siku hiyo.

Kazi yenyewe niliifanya kwa masikio. Wazungu wa zamani waliandika Kiswahili kila mmoja alivyokisikia. Mjerumani aliweka "tsch" palipo na ch, na s palipo na z, hata neno "chakula" likawa na sura ya mtu aliyepiga chafya. Kwa macho hulitambui. Ukilisoma kwa sauti, unalikuta ni chakula tu. Kwa hiyo nilisoma kwa sauti, polepole, kidole kwenye kioo, na Verediane akanisikiliza.

"Fundi, unasomeaka nani? Mi ao kompyuta?"

"Kompyuta," nilisema.

"Bon. Kompyuta imesikia. Mi bado nangoja yangu."

Nilirudia, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia usiku. Kisha akaniuliza kama ni kitabu kimoja, na mimi nikabonyeza Sijui. Ndivyo ilivyokwenda. Gatesi alisema kwamba katika watu wote wanaofanya kazi hii duniani, huenda hakuna aliyebonyeza kile kitufe kama mimi.

Kitabu kimoja Verediane alikipenda kuliko vingine. Kiliitwa Habari za Mahali. Mmisionari mmoja alieleza humo miji na vituo alivyopita, na kulikuwa na ukurasa mmoja kuhusu ufuko wetu huu. Lakini aliyekipiga picha aliacha kidole chake juu ya karatasi. Nusu nzima ya ukurasa wetu ilikuwa kidole gumba, kinene, chenye kucha safi.

"Yebaba we!" alipiga kelele Verediane. "Angalia! Mutu anasafiri miaka yote ile, anafika Gisenyi, anakuta kidole! Babu yangu alizaliwa hapo, chini ya hiyo kucha!"

Akasema lazima tutafute kadi nyingine ya kitabu hicho katika maktaba nyingine, tuone ukurasa usio na kidole, kabla hajaenda Kigali. Kila siku akifika aliuliza, "Mahali imepatikana?" Ndivyo tulivyokiita kwa kifupi: Mahali. Na mimi nilijibu, "Bado," nikiwa na huzuni kwa sababu mbili, moja ya kitabu, nyingine ya hilo neno Kigali.

Sasa, siku ninayotaka kueleza, Verediane alichelewa mpakani. Nilikaa peke yangu na kompyuta. Nikatafuta, nikatafuta, na mara kadi ikatokea: kiwanda kilekile cha uchapaji, mwaka uleule, kurasa karibu sawa. Nikasoma kichwa chake kwa sauti. Nikasoma kichwa cha kitabu chetu kwa sauti. Masikioni mwangu walikuwa mapacha. Nikaona kwa macho kwamba huku wameandika l na kule r, lakini nani atagombana na mtu kwa herufi kama hizo? Nikadhani aliyeandika kadi alikuwa mtu wa kwetu.

Sheria ya Gatesi ilikuwa kufungua picha za kurasa kwanza. Sikufungua. Furaha ilikuwa imenishika kichwani. Kwa mara ya kwanza kiangazi kile nilibonyeza Kitabu kimoja, tena kwa nguvu, kisha nikamwandikia mwenzangu. Nilikuwa nafikiria kadi, kwamba kadi hii na ile ni moja. Nikaandika:

"Mama Ishimwe, mahari nimepata. Ni moja. Nangoja neno lako. Twagirimana."

Hata jina langu lote niliweka, kama mtu anayejiheshimu. Nikaenda nyumbani nikipiga mluzi.

Kesho yake sijafungua kibanda vizuri, Mugabo akaniita.

"Fundi! Ng'ombe iko wapi?"

"Ng'ombe gani?" niliuuliza mwavuli.

"Ile moja! 'Mahari nimepata. Ni moja. Nangoja neno lako.' We mutu! Miaka yote unaongea na parapluie, kumbe uko na moyo ya simba! Na umeandika kwa kompyuta, dunia yote inasoma!"

Gatesi, anayeona maelezo yote, alikuwa amemwambia mtu mmoja tu. Lakini mtu huyo mmoja alikuwa Mugabo, na Mugabo ni redio.

Nilichukua muda kuelewa. Nilitamka neno moja, nikatamka la pili, na midomo yangu ikaniambia ni lilelile. Ilinibidi nichukue chaki, ile ninayotilia alama kwenye matundu ya miavuli, niandike yote mawili kwenye ubao wa kibanda. Mahali. Mahari. Hapo nikaona nilichofanya. Nilikuwa nimeposa. Nimemposa Mama Ishimwe mbele ya maktaba za Ulaya na Marekani, kwa ng'ombe mmoja, na kumwambia anijibu.

Nilitamani kuingia ndani ya mwavuli na kujifunga.

Siku ile Verediane hakupita kwenye kibanda. Alipita barabara ya juu, nikaona mwavuli wa kijani ukienda kwa mbali. Siku iliyofuata vivyo hivyo, na kwenye chumba cha kusomea hakuja. Wenzake wauza sambaza, wao, walipita wote.

"Shemeji, ng'ombe anakula?"

"Shemeji, musimuchinje bila sisi!"

Nilikwenda kwa Gatesi nikamwomba afute.

"Haifutiki mpaka mwenzako ajibu," alisema, akijitahidi asicheke. "Nenda umwambie ulikosea herufi. Ni mtu mzima, ataelewa."

Ulikuwa ushauri mzuri na nikaufuata, karibu nusu ya njia. Nilikuwa nimefika kwenye kona ya kuelekea kwake, nikijifunza maneno: Mama Ishimwe, nilikosea herufi. Mama Ishimwe, ilikuwa herufi tu. Ndipo miguu ikasita. Nikisema hivyo, aibu itakwisha, watu watacheka siku mbili na kunyamaza. Lakini na posa itakuwa imekwisha. Na ilikuwa posa nzuri, fupi, isiyo na kigugumizi, yenye jina la mtu. Nikiwa na akili zangu nisingeweza kuandika hata nusu yake. Kosa lilikuwa limenifanyia kazi ambayo mimi mwenyewe nilishindwa kiangazi kizima, na sasa nilikuwa naenda kulikana.

Juu ya volkano ya upande wa Goma mawingu yalikuwa yameanza kukaa. Siku za mvua zilikuwa zimekaribia. Nikageuka nikarudi kibandani, nikawa mwoga wa kwenda na mwoga wa kukana, nikashona mwavuli ambao haukuwa umechanika.

Verediane alikuja mwenyewe. Ilikuwa alasiri, upepo umeanza kunuka maji. Akatua beseni mbele ya kibanda. Mugabo aliacha kuhesabu noti zake, na Mugabo haachi kuhesabu hata kwenye mazishi.

"Fundi, inua kichwa."

Nikainua mpaka kwenye mikono yake.

"Ile kitabu ulipata, mi nimeisoma yote kwa simu, nyumbani. Ndiyo maana sikukuja. Haiko yetu. Iko ya mahari, mwanzo mupaka mwisho. Ng'ombe, mbuzi, majembe. Hakuna Gisenyi, hakuna ziwa, hata kidole hakuna."

"Samahani, Mama Ishimwe."

"Nimebonyeza Vitabu viwili."

Nikasema moyoni: jibu ndilo hilo, na ni haki.

"Lakini maneno uliandika, sijajibu," aliendelea. "Kila nikifungua inaniuliza. Donc nimekuja kukuuliza weye. Ulitaka kuandika mahali, ao mahari?"

Nilitafuta kitufe changu. Neno "sijui" lilikuwa limeshafika kwenye meno, likisubiri mlango tu. Nikafikiria mvua. Nikafikiria basi la Kigali.

"Mahari," nilisema.

"Umesema nini? Mahali?"

"Mahari."

"Mi nasikia ile ile! Iko na L ao na R?"

"R," nilisema, nayo ikatoka vibaya kuliko neno zima.

"Amesema L!" alipaza sauti Mugabo.

"Hapana, amesema R!" alisema mama mmoja mwenye karoti, ambaye hata hakujua tunazungumza nini. Wakaanza kubishana.

Nikachukua mwavuli wa kijani mkononi mwa Verediane. Nikaufungua. Nikachukua chaki, na juu ya kitambaa, kama mtoto wa darasa la kwanza, nikaandika herufi moja kubwa: R. Kisha, sijui kwa nini, nikamtazama usoni.

Alikuwa anatazama ile herufi.

"Ile kitabu inasema mwanaume hajisemeake mwenyewe," alisema. "Anatuma umuranga, mutu wa kumusemea. We ulituma kompyuta."

"Ndiyo."

"Na ng'ombe, iko moja tu?"

"Mama Ishimwe," nilisema, "hata huyo mmoja hayupo. Sina ng'ombe. Nina miavuli."

"Fundi!" Mugabo alishika kichwa. "Unabomoaka nyumba ungali unajenga!"

Matone ya kwanza yakagonga bati la kibanda. Verediane alichukua mwavuli wake, akaushika juu ya kichwa, na R ikawa juu yake kama alama ya duka.

"Bon," alisema. "Donc mahari haiko. Na mahali? Mahali, iko?"

Safari hii hata masikio yangu yalisikia herufi. Nikafikiria chumba changu cha Mbugangari. Mezani mbavu za miavuli, chini ya kitanda mipini, juu ya kitanda vitambaa, na mimi hulala pembeni kama mgeni wao.

"Iko," nilisema. "Nikihamisha miavuli."

"Basi hamisha."

Akachukua beseni na kuondoka. Mvua ikamwagika, ikaanza kuifuta ile R kabla hajafika kwenye kona. Nilikuwa nimelowa bila kujua. Fundi wa miavuli, amezungukwa na miavuli, amelowa. Mugabo alicheka mpaka akakaa chini, kisha akainuka akatangaza kwamba yeye ndiye umuranga wangu kuanzia saa ile, na kwamba nisiwasogelee wakwe mpaka anifundishe kusema.

Kigali Verediane alikwenda, lakini kumtembelea binti yake na kumpa habari. Ishimwe akaja naye kuniona. Alinikuta nikieleza jambo kwa mwavuli, akamtazama mama yake, na mama yake akamwambia, "Ngoja, anaongeaka pia na watu."

Mvua ilipotulia tulirudi kwenye chumba cha kusomea. Verediane alikuwa amepata wazo la kufungua upya zile kadi zote nilizozibonyeza Sijui. Zilikuwa rundo. Tulizipitia moja moja, yeye akipuliza hewa puani kila nyingine ilipofunguka. Na humo ndani, katika zile za wiki ya kwanza kabisa, tukaikuta: Habari sa Mahali, yenye s ya Kijerumani mahali pa z. Niliwahi kuitazama, nikaisoma kwa sauti, nikaiogopa.

Safari hii tulifungua picha. Ukurasa wetu ulikuwa mzima, bila kidole. Verediane alisogea karibu na kioo, akasoma polepole kile kilichokuwa kimefichwa chini ya ile kucha miezi yote tuliyokitafuta. Mmisionari alikuwa ameandika kwamba ufuko huu ni mzuri, maji yake ni baridi, na watu wake ni wema, ila wanawake wanasema kwa sauti kubwa sana.

Alinitazama aone kama nitacheka. Nimejifunza mambo machache maishani, nikatazama ukutani.

"Bonyeza weye," alisema.

Nikabonyeza Kitabu kimoja. Yeye akathibitisha. Kadi mbili zikasogea na kuwa moja.

"Kama ungebonyeza vizuri ile siku ya kwanza," alisema, "tungemaliza kwa wiki moja. Kiangazi yote tumekaa hapa bure."

"Ndiyo," nilisema. Beseni lilikuwa chini, upande wake wa pili, si katikati yetu tena.